Mama Pasi na Vali ya Ng'ambo ya Mtaro

Dobi alijua mke wake anaumwa kabla mke mwenyewe hajasema. Alijua kwa masikio. Yeye alikuwa akifua uani, mke akipiga pasi chumba cha mbele, na kati yao palikuwa na ukuta wa tofali moja na dirisha dogo lisilo na kioo. Pasi ya mkaa ina mlio wake. Inateleza, inateleza, halafu inagonga kidogo pale shati linapogeuzwa. Miaka yote ya ndoa yao Dobi alisugua nguo kwa kuufuata mlio huo, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Sasa mlio ukaanza kukatika. Inateleza, kimya. Inagonga, kimya kirefu.

Siku moja akachungulia dirishani. Mke alikuwa ameiweka pasi juu ya kigae chake, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anahema kama aliyetoka kukimbizwa.

"Una nini?"

"Mkaa una moshi leo."

Mkaa haukuwa na moshi. Dobi akarudi kwenye beseni.

Watu walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na baba yake. Mezani hakuwa na mpinzani. Shati la jana lililolaliwa na mlevi lilitoka kwake likiwa kama limetolewa dukani. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu, nayo ilikuwa yake: hatoki mtu na makunyanzi. Hata siku ya kwenda kununua mkaa, Dobi alipita barabarani na mstari wa suruali unaoweza kukata nyanya. Akinung'unika, mke alimwambia kwamba kibao cha biashara hawana, kwa hiyo kibao ni wao wenyewe, na kibao hakikunjwi.

Kuandika hawakujua sana. Kila nguo iliyoingia Mama Pasi aliitia mshono mdogo wa uzi ndani ya ukosi au kiunoni, kila mteja rangi yake na namna yake. Nani ni uzi gani, alijua yeye. Dobi aliwahi kumwambia amfundishe. Akajibiwa kwamba akishafundishwa ataleta mke mwingine.

Basi kule kuhema kukaendelea. Zahanati walimpa dawa ya kikohozi. Kikohozi hakuwa nacho, lakini dawa aliimaliza, maana kutupa dawa ni utovu wa adabu. Kisha siku moja, akisaidia kuanua, akaanguka na mashuka ya nyumba ya wageni, yote, na kamba juu. Dobi alimkuta chini ya weupe ule akadhani ameshamkosa. Alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mashuka yafuliwe upya.

Ndipo walipokwenda hospitali ya mkoa. Daktari kijana akamsikiliza kifua, akasikiliza tena, akamwita mwenzake naye akasikiliza. Wakampaka mafuta baridi wakampitishia mashine. Baadaye yule kijana akakunja ngumi yake mbele yao, akaifungua kidogo tu, upenyo wa kupita penseli.

Aliwaeleza vizuri, bila haraka. Moyo una milango, inaitwa vali. Mmoja wa Mama Pasi, ule mkubwa wa kutolea damu, umekakamaa. Damu inapita kwa kujipenyeza na moyo unachoka kusukuma. Dobi akauliza kama hakuna dawa ya kuulegeza. Hakuna. Dawa itapunguza maji mwilini, basi. Mlango wenyewe unabadilishwa, wanaweka mpya.

"Unabadilishwa wapi?"

Kijana akatazama dirishani. "Hapa kwetu, hakuna," akasema.

Mkoa wa pili walikuwa nao, tena kila wiki wanabadilisha. Wengine hawapasuliwi hata kifua, vali inapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka inafika moyoni. Kwa mwenye hela zake mlango uko wazi popote, lakini bei yake ilikuwa ya watu wengine, si ya watu wa sabuni na mkaa. Kwa watu kama wao, wa mkoa ule walipelekwa na zahanati zao moja kwa moja. Wa mkoa huu walikuwa wanamsubiri daktari bingwa wa moyo. Alikuja kwa gari mara chache kwa mwaka, akawaona wote kwa siku moja, akachagua wachache wa kuvushwa. Mkoa huu ulikuwa umepewa nafasi zinazohesabika kwa vidole.

Sasa usione mkoa wa pili ukadhani ni safari. Mpaka ulikuwa nyuma ya nyumba ya Dobi. Palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na juu yake bamba la zege la kuvukia. Kuku walivuka. Maji ya kufulia ya Dobi, yenye povu na buluu, yaliingia mtaroni yakatokea upande wa pili bila kuulizwa unakaa wapi. Upande ule alikaa dada yake Dobi, muuza sabuni, na mlango wa pili kutoka kwake alikaa mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote. Huyo waliendelea kumwita Dereva, ingawa gari hakuwa nalo tena.

Dereva alikuwa ameumwa ugonjwa ule ule. Kuhema kule kule, kuanguka kule kule. Wakamchukua, wakamtia vali, na kabla mtaa haujazoea kwamba hayupo, huyo amerudi. Sasa alivuka bamba akipiga mluzi, suruali yake chafu begani, na kila aliyemkuta dukani alitaka kumwonyesha pajani walipopitia. Dada yake Dobi alimwambia siku moja kwamba akishusha tena hiyo suruali mbele za watu ataitiwa polisi wa mikoa yote miwili.

"Shemeji," Dereva alimwambia Mama Pasi, "kisu hata hukisikii. Unalala, unaamka, unadai chai."

"Na mimi naitaka hiyo chai," akasema Mama Pasi, akaitia suruali yake uzi mwekundu.

Alisema kama mzaha. Dobi alikuwa mlangoni na beseni, akamwona uso. Haukuwa mzaha. Tangu siku ile hapakuwa na jambo jingine nyumbani mwao. Mama Pasi alikuwa anaitaka vali ya ng'ambo ya mtaro, na Dobi alikuwa hataki kubaki na meza tupu.

Siku ya daktari bingwa ilipotangazwa, walijiandaa kama wanavyojua kujiandaa. Mama Pasi alilitia wanga gauni lake la bluu, akalipiga pasi kwa vituo, akipumzika kwenye kiti kila mkono unapoisha. Kola ya Dobi aliirudia mara mbili. Wakaondoka mapema mno, ili wafike apate kukaa, pumzi itulie, asije akahema mbele ya mgeni. Wagonjwa wengine walibebwa. Mmoja aliletwa amelazwa juu ya ubao wa mlango. Mama Pasi aliingia kwa miguu yake, taratibu, na mkoba mkononi.

Daktari bingwa alikuwa mtu mpole mwenye macho mekundu ya safari. Akamuuliza, hujambo mama.

"Sijambo, daktari. Pole na kazi."

Unaendeleaje?

"Naendelea vizuri, namshukuru Mungu."

Kazi unafanya? Anafanya. Ngazi unapanda? Nyumba yao haina ngazi, daktari. Hakusema uongo hata mmoja. Mtu akikuuliza hali, kwanza unampa nzuri, halafu mbaya inafuata polepole, mkishakaa. Lakini daktari hakuwa na nafasi ya kukaa. Nje kulikuwa na ukumbi mzima. Akatazama karatasi, akamtazama Mama Pasi, akaligusa gauni kwa macho kutoka kola mpaka pindo. Akamwambia aendelee na dawa, ataonwa tena safari ijayo.

Nje mlangoni nesi wa makamo akamvuta Dobi pembeni.

"Baba, mmekuja kama mnakwenda harusini."

"Ndivyo tunavyotoka."

"Najua. Lakini daktari ana nafasi chache, anampa yule anayemwona anazama."

"Na huyu anazama."

"Najua, nimemsikia kifua mimi. Kwa macho ndiyo haonekani." Akashusha sauti. "Safari ijayo mlete kama alivyo."

Njiani kurudi Mama Pasi alikuwa na furaha kidogo. Akamuuliza mumewe kama ameona daktari alivyolitazama gauni. Dobi akasema ameona. Alishika mkoba wake, akahesabu nguzo za umeme asiione kola yake mwenyewe kwenye vioo vya maduka.

Dada yake ndiye aliyeleta shauri la kuvuka. Mama Pasi aje akae kwake, aandikishwe upande ule, mambo yaishe. Yeye na wifi yake walitaniana tangu siku ya harusi, hawakujua kuzungumza kwa namna nyingine. Akamwambia, "Wifi, mlango wa moyo wako umekaza kama mkono wako. Njoo kwangu tukufungulie vyote viwili." Mama Pasi akajibu kwamba atakuja, ila alale mbali na sabuni yake, maana ile inachubua hata mbao.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo. Bahati mbaya alikuwa mteja. Aliwapokea kwa heshima, amevaa shati ambalo Mama Pasi alikuwa amelipiga pasi juzi. Akasema kuandika barua hashindwi. Lakini mtu huhesabiwa wa kwao akishakaa mwaka mzima, na wakaguzi hupita nyumba kwa nyumba, kwa sababu wengi wameshajaribu. "Na mimi nitasemaje, dada yangu, kwamba hukai kule? Mashati yangu nayatoa wapi?"

Hata hivyo Mama Pasi akahamia kwa wifi yake, na kanga zake na mto wake. Dobi akabaki na kazi zote mbili. Kufua alijua. Kupiga pasi aliunguza kola ya mhasibu, akatia suruali ya mwalimu mistari miwili, mwalimu akamuuliza kama hiyo ni reli. Jioni alisimama uani akatazama bati la dada yake, na Mama Pasi upande wa pili alisimama akatazama kamba. Akampigia kelele kwamba shuka la tatu lina doa. Kwa hilo hakumpunguzia. Dobi akalishusha, kweli lilikuwa na doa.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Dobi akasikia pasi inateleza ndani. Akaingia. Mama Pasi alikuwa mezani na mto wake uko kwenye kiti.

"Mwaka haujaisha," Dobi akasema.

"Kule napumzika mpaka nachoka." Akageuza mkono wa shati. "Wifi ananikataza hata kuinua kikombe. Nimekaa kitandani natazama ukuta, nasikia moyo wangu peke yake. Hapa angalau nasikia na wewe unapiga maji."

"Na wakaguzi?"

"Walipita jana. Wakaniuliza jirani wa kushoto anaitwa nani, nikasema simjui. Yule bwana akacheka, akaandika. Kule sihesabiwi tena."

Dobi akataka kukasirika, hasira isije. Akarudi uani akapiga maji.

Ikabaki safari ya pili ya daktari bingwa. Kadiri ilivyokaribia, Mama Pasi alizidi kukonda usoni na kuvimba miguuni. Hakuweza kulala chali tena. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na Dobi akajifunza kulala ameketi pia ili bega lake liwe karibu. Usiku hawakusema. Mchana Dobi alisema, tena alilisema lile lile kila siku: nesi amesema uende ulivyo.

"Ndivyo hivi nilivyo," Mama Pasi akajibu, mara ya mwisho, akionyesha gauni lililoning'inia. "Mimi nilivyo ni mtu aliyenyooshwa. Unataka watu waseme mke wa dobi amekuja kama tambara?"

"Nataka waseme amevuka."

Asubuhi ya safari Dobi hakuwasha mkaa. Alilichukua gauni la bluu, likiwa kavu, akalikamua kwa mikono yote miwili kama analitoa maji. Mikono ile ilikuwa imekamua nguo maisha yake yote, haikuwahi kukamua kavu. Alipolifungua lilikuwa na makunyanzi kama uso wa mtu anayelia. Mama Pasi alikuwa kitandani anamwangalia.

"Basi ninyime na maji ya kunawa," akasema. Kisha akanyoosha mkono akalipokea, akalivaa.

Barabarani alitembea ameinama, si kwa ugonjwa tu. Kila waliposalimiwa, alijifunga kanga vizuri zaidi. Kwenye kilima cha hospitali Dobi hakutafuta gari. Walipanda kwa miguu. Alimshika kiuno, akasikia ubavu wake unavyokwenda, akatamani kumwambia wageuke. Akazidi kumpandisha.

Daktari akauliza, hujambo mama.

"Sijambo, daktari."

"Hajambo kwa mdomo," Dobi akasema. Hakuwahi kumkatiza mke wake mbele za watu. "Hawezi, daktari. Anaanguka. Analala ameketi. Amepanda kilima sasa hivi, mtazame."

Daktari akamtazama. Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampaka mafuta, akampitishia mashine mwenyewe. Mlango ulikuwa umebaki upenyo wa sindano. Akasema huyu lazima avuke, na haraka. Halafu akamuuliza Dobi, kwa upole kabisa, kwa nini safari ile hawakusema. Nesi wa makamo akatazama sakafu.

Kisha daktari akafungua faili, akalifunga. Alikuwa ameanzia mji mwingine wa mkoa huu siku iliyotangulia, na nafasi zilikuwa zimeishia huko. Awamu ijayo Mama Pasi atakuwa wa kwanza. Aliandika, akapiga mstari chini.

"Daktari," Dobi akasema, "mimi nikianika nguo naliona bati la mtu mwenye vali. Ni kuvuka bamba tu."

"Baba, mimi mwenyewe nalala ule upande. Ingekuwa amri yangu, ningempakia kwenye gari langu sasa hivi."

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha. Wote watatu waliliona.

Walipofika nyumbani Mama Pasi alivua gauni kabla ya kunywa maji, akaomba mkaa. Dobi akawasha. Alilipiga pasi mpaka likarudi kuwa lake, akalitundika, akasema amechaguliwa sasa, hakuna haja ya kumdhalilisha tena, na siku ya kuvuka atavuka amenyooka. Dereva alipokuja alimwambia amwekee hiyo chai motoni. Dereva akaahidi. Hakupiga mluzi wakati wa kurudi.

Wakasubiri. Dobi alifua, akasikiliza ukuta. Inateleza, kimya. Inagonga, kimya. Kimya alishakizoea, alishajua urefu wake, kama mtu anavyozoea kuchechemea kwa mwenzake akapunguza hatua.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, jua zuri la nguo nzito. Pasi iliteleza. Dobi akasubiri igonge. Akasugua mkono mmoja wa koti, akasugua na wa pili. Akaacha mikono ndani ya maji, akasikiliza. Hakutaka kuchungulia dirishani. Alizunguka akaingia kwa mlango.

Mama Pasi alikuwa chini, ubavu, kichwa karibu na mguu wa meza. Pasi ilikuwa juu ya kigae chake, imekaa sawasawa. Aliiweka kwanza. Shati la mtu mezani lilikuwa limenyooka nusu, na halikuungua.

Wanawake walipokuja kumvika, Dobi aliwaambia wangoje. Gauni la bluu lilikuwa limekaa siku nyingi kwenye msumari, limeingia mikunjo miwili mitatu. Aliwasha mkaa. Dada yake akasema, kaka, acha nifanye mimi. Akakataa. Alipiga pasi mlango ukiwa umefungwa, polepole, akifuata mishono kama alivyomwona akifuata, na kwenye kola alipita mara mbili. Alipofungua mlango, dada yake akalipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Watu wa pande zote mbili za mtaro walikuja. Makaburi yalikuwa juu ya kilima, nyuma ya hospitali. Jeneza lilibadilishwa mabega njiani, vijana walichoka wakapokezana. Aliyeshika mbele kulia hakupokewa. Alikuwa Dereva. Alipanda kilima chote na uzito ule, na Dobi, aliyekuwa nyuma yake, alimsikiliza. Hakuhema.

Baadaye wateja walianza kurudi mmoja mmoja kuulizia nguo zao. Dobi aligeuza kola, akakuta uzi wa kijani, wa njano, mshono wa msalaba, mshono wa nukta, asijue ni nani. Aliziweka zote mezani, kila mtu akachagua yake. Hakuna aliyechukua isiyo yake. Ikabaki suruali moja yenye uzi mwekundu. Hiyo aliijua. Mwenyewe hakuja kuifuata, wiki ikapita, na nyingine.

Dobi akaipiga pasi, akavuka bamba kuipeleka. Dereva alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alisimama, akaipokea, akaona mistari imetoka miwili, akaikunja haraka isionekane.

"Jirani," akasema, "mimi sikuchukua nafasi yake."

"Najua."

"Nilikuwa nakaa huku tu."

"Najua. Ulikuwa kwenu."

Dereva akamkaribisha chai. Dobi akasema siku nyingine. Akarudi, na katikati ya bamba akasimama. Chini yake maji yake ya asubuhi yalikuwa yanapita na povu lake kwenda ng'ambo. Pumzi alikuwa nayo. Alisimama tu.